Masanduku ya Hanslope Park: jinsi mazoea ya watumishi yalivyozika faili za Kenya

Mwezi Juni 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Walikuwa Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Walidai fidia kwa mateso waliyotendewa wakati wa Hali ya Hatari dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, ile iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka 1960. Mutua na Nzili walikuwa wamehasiwa. Wambugu alinusurika kipigo cha kambi ya wafungwa ya Hola, ambapo wafungwa 11 waliuawa kwa siku moja. Susan Ngondi alifariki kabla kesi haijafika mbali.

Kesi ya namna hiyo husimama au huanguka kwa nyaraka. Nani alitoa amri, nani aliarifiwa, barua ipi ilifika London na ikajibiwa nini. Mawakili waliziomba nyaraka hizo, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikajibu kwamba haina zaidi ya zile ambazo umma tayari unaweza kuzisoma katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Mwanahistoria David Anderson wa Oxford hakuridhika. Katika maelezo yake ya ushahidi ya mwaka 2010 alionyesha, kwa barua za serikali ya Uingereza yenyewe, kwamba faili zipatazo 1,500 zilisafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi kwenda London muda mfupi kabla ya uhuru: masanduku kama 300, yanayojaza rafu yenye urefu wa futi 110. Zilipelekwa wapi?

Januari 2011 zikapatikana. Zilikuwa Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali karibu na mji wa Milton Keynes. Hazikuwa peke yake. Pamoja nazo zilikuwapo faili za maeneo mengine yaliyotawaliwa na Uingereza, jumla yake 37, Tanganyika na Uganda zikiwamo. Aprili mwaka huo wizara ililiambia Bunge kwamba faili zote ni kama 8,800. Zilipokwisha kuhamishwa na kuhesabiwa vizuri, mwaka 2013, idadi ilikuwa imefika karibu 20,000.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama kisa cha siasa na haki, na ndivyo kinavyostahili. Hapa nataka kukitazama kwa jicho la masjala. Nyaraka hizi hazikuungua kwa ajali, hazikuliwa na mchwa, wala hazikupotea kwa kukosa rafu au pesa. Zilikuwa kwenye jengo kavu, lenye walinzi, chini ya wizara yenye sheria ya kumbukumbu tangu mwaka 1958. Kilichozipoteza ni yale watumishi waliyoamini kuzihusu, na yale waliyozoea kufanya kila zilipotajwa. Nina hakika kwamba mtu aliyekaa katika ofisi yoyote ya umma ya Afrika Mashariki atayatambua mazoea hayo mara moja.

Amri ya mwaka 1961

Tarehe 3 Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alipeleka maelekezo kwa magavana kuhusu nyaraka ambazo hazitakabidhiwa kwa serikali mpya za nchi zinazojitawala. Zisikabidhiwe zile zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia au serikali nyingine. Zisikabidhiwe zinazoweza kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi wa umma na wapashaji habari wa polisi. Zisikabidhiwe zinazoweza kufichua vyanzo vya ujasusi, wala zile ambazo mawaziri wa serikali mpya wangeweza kuzitumia isivyostahili.

Angalia kigezo cha kwanza. Si umri wa waraka, si thamani yake kisheria, si kama unahitajika kuendesha nchi. Ni aibu. Na aibu haina kanuni inayoandikika. Kila ofisa huipima kwa kifua chake. Maana yake ni kwamba kazi ya kuchagua nini kibaki na nini kiondoke ilikabidhiwa kwa hisia za watu ambao majina yao yalikuwa ndani ya faili hizohizo. Mkuu wa Wilaya aliyesaini hati za kuwaweka watu kizuizini ndiye aliyeketi na kabati lake kuamua ni zipi zingemwaibisha.

Nchini Kenya mpango ulipangwa kwa umakini mkubwa. Nyaraka ziligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza liliitwa "Legacy", yaani urithi: hizi ni za kawaida, zitaachiwa serikali ya Kenya. La pili liliitwa "Watch", za kuangaliwa, nazo zilipigwa muhuri wa herufi W. Za "Watch" ziliruhusiwa kushikwa na mtumishi wa serikali ya Kenya ambaye ni raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya, na si mwingine. Faili la "Watch" likitolewa katikati ya mafaili ya kawaida, faili bandia liliundwa na kuwekwa mahali pake ili pengo lisionekane. Isipowezekana, fungu zima liondolewe. Maelekezo yalisema wazi kwamba faili za urithi zisiwe na dokezo lolote kuhusu zile za "Watch", na kwamba hata kama watu watahisi kuwa zipo, kuwapo kwake kusikiriwe kamwe.

Zilizoamuliwa kuteketezwa zilitakiwa zichomwe hadi ziwe majivu, kisha majivu yenyewe yavunjwevunjwe. Palipokuwa na ugumu wa kuchoma, iliruhusiwa kuzipakia kwenye makasha yenye uzito na kuyazamisha baharini, kwenye kina kirefu kisicho na mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo.

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Masjala za wilaya na za majimbo nchini Kenya zilikuwa zikiendeshwa kila siku na makarani Waafrika. Wao ndio waliofungua barua, wakaziandikisha, wakazitia namba, wakazipeleka mezani na kuzirudisha kabatini. Walijua faili lipi hutembea sana na lipi limelala. Kwa amri ya 1961 watu hao waliondolewa kwenye sehemu ya kazi yao wenyewe kwa kigezo cha rangi, na hawakuambiwa kwa nini. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Desemba 1963, ni wao waliorithi masjala. Walirithi rafu zilizoonekana zimetimia. Faili bandia halimdanganyi mwanahistoria wa mwaka 2005 peke yake; humdanganya kwanza karani wa mwaka 1964 anayeamini kwamba anachokikabidhi kwa mwenzake ndicho kilichopo.

Kenya haikuwa ya kwanza. Malaya ilipojitawala mwaka 1957, malori ya nyaraka kutoka Kuala Lumpur yalipelekwa Singapore kuchomwa katika tanuri la Jeshi la Wanamaji. Ofisa aliyehamishwa kutoka koloni moja kwenda jingine alihama na mazoea yake.

Mtazamo uliokuwa nyuma ya muhuri

Muhuri wa W haukuumba mtazamo mpya. Ulikuta umekwisha komaa.

Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kuhusu nguvu zilizokuwa zikitumiwa kuwavunja wafungwa kambini. Alikuwa akitayarisha kanuni za kuihalalisha. Katika barua hiyo ndimo aliposema kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Mwanasheria mkuu wa serikali, katika waraka rasmi wenye namba ya faili, anaweka msingi wa namna taarifa zitakavyoshughulikiwa: kosa lenyewe si tatizo, tatizo ni sauti yake.

Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa wa kambi ya Hola walitolewa kwenda kulazimishwa kuchimba mtaro wa umwagiliaji. 11 walikufa kwa kupigwa. Taarifa ya kwanza ya serikali kwa umma ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ndio uliokanusha. Kati ya walinzi wa kambi na ofisi iliyotoa taarifa Nairobi palikuwa na watu kadhaa ambao kila mmoja alipokea maelezo, akayalainisha kidogo, akayapitisha. Sisi tuna msemo wa tabia hiyo: funika kombe mwanaharamu apite. Watumishi wanaokulia katika ofisi ya namna hiyo hawahitaji kuamriwa kuficha. Wanajua bila kuambiwa.

Na bado waliandika. Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote katika kisa kizima. Walikuwa na nidhamu ya hali ya juu ya kuweka kumbukumbu: kila barua na nakala yake, kila mkutano na muhtasari wake, kila malalamiko ya mfungwa na jibu lake. Utaratibu wa masjala yao ulikuwa bora kuliko wa ofisi nyingi za leo zenye kompyuta kwenye kila meza. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba taarifa zikisimamiwa kwa utaratibu mzuri, ukweli utakuwa salama. Utaratibu ule ule uliowezesha faili kupatikana kwa dakika tano ndio uliowezesha faili hilo kuondolewa bila alama.

Miaka arobaini na kitu ya "si zetu"

Faili zilipofika Uingereza, swali la msingi la kazi ya kumbukumbu halikujibiwa: hizi ni za nani?

Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliomba zirudishwe. London ikakataa. Ilihofiwa kwamba ukirudisha za Kenya, makoloni mengine yote ya zamani yatapiga hodi. Lakini kukataa kuzirudisha hakukuwa na maana ya kukubali kuzimiliki. Ilishikiliwa kwamba kwa kuwa ziliundwa na serikali za makoloni, si idara za serikali ya Uingereza, basi huenda sheria ya kumbukumbu za umma haizihusu. Kwa hiyo hazikupitiwa, hazikuorodheshwa kwa ajili ya wasomaji, hazikufunguliwa baada ya miaka 30 kama nyaraka nyingine. Zikakaa kwanza katika bohari la Hayes, magharibi mwa London, kisha katika miaka ya 1990 zikahamishiwa Hanslope Park. Zilihamishwa kama mizigo.

Mwaka 2011 wizara ilimpa mwanadiplomasia mstaafu, Anthony Cary, aliyewahi kuwa balozi wa Uingereza nchini Kanada, kazi ya kueleza ilikuwaje. Ripoti yake ni fupi, na ningependa kila mkuu wa idara aisome. Hakukuta njama ya watu wachache waliokaa chumbani wakala kiapo. Alikuta jambo la kawaida zaidi, na kwa hiyo la hatari zaidi. Watumishi waliozishika faili hizo walikubali neno la waliowatangulia kwamba ni karatasi za utawala tu, za kupita, zisizohitaji kuangaliwa mtu anapoomba taarifa. Ilikuwa rahisi kukubali hivyo. Wakati huohuo walijua mioyoni kwamba ni siri yenye aibu, ambayo hadhi yake haieleweki, nao wakaiweka kwenye fungu la mambo magumu mno kushughulikiwa leo.

Soma tena hayo mambo mawili pamoja. Mtu anaamini kwamba karatasi hazina maana, na papo hapo anajua kwamba ni siri ya aibu. Kwa mantiki haiwezekani. Katika ofisi, inawezekana kabisa, na hutokea kila siku. Ni kwa sababu imani ya kwanza humlinda mtu dhidi ya kazi ambayo imani ya pili ingemlazimu aifanye. Mtu asipofungua sanduku, hadanganyi anaposema hajui kilichomo.

Sheria ya uhuru wa taarifa ilianza kutumika Uingereza Januari 2005. Maombi ya mawakili wa wazee wa Kenya yalipoingia wizarani miaka hiyo, watu walitafuta kwenye mifumo na orodha. Masanduku ya Hanslope hayakuwa kwenye orodha waliyoitafuta, basi jibu likatoka: hatuna. Aliyeandika jibu hilo yawezekana kabisa aliliandika kwa nia njema. Kile ambacho hakikuorodheshwa hakipo, kwa mtu anayetafuta kwa orodha. Na kile ambacho mkuu wake alimwambia "hayo achana nayo" hakipo mara mbili.

Watumishi wa chini walijua masanduku yapo. Walipita mbele yake, waliyahamisha, walilipia nafasi yake. Wakubwa waliosaini majibu hawakujua, au hawakuuliza. Kati ya hao na hao hapakuwa na njia ambayo mtunza ghala angeweza kumwandikia mkuu wa idara: kuna rafu za futi 110 zenye jina la Kenya, na sasa tumeshtakiwa na Wakenya, je, tuziangalie? Hilo halikuhitaji teknolojia yoyote. Lilihitaji mtu mmoja anayeamini kwamba akiuliza hatachukuliwa kuwa mkorofi.

Cary alisema wizara inapaswa kuwa na nyaraka kwa sababu imeamua kuwa nazo, si kwa sababu hakuna aliyejishughulisha nazo. Naona hapo ndipo kiini cha usimamizi wa taarifa kilipo. Ofisi zetu zimejaa vitu ambavyo hakuna aliyeamua kuviweka na hakuna aliyeamua kuviondoa.

Wala wizara haikuwa imemaliza. Mwaka 2013 ikafahamika kwamba Hanslope Park ina mkusanyiko mwingine mkubwa uliopitisha muda wa kufunguliwa. Hesabu iliyotajwa kwanza ilikuwa faili milioni 1.2, baadaye wizara ikasema ni kama laki sita. Taasisi isiyojua kama ina faili laki sita au milioni na laki mbili imekaa nazo bila kuzitazama kwa muda mrefu sana.

Mahakamani

Utetezi wa kwanza wa serikali ya Uingereza ulikuwa kwamba dhima yoyote ya mateso ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Yaani Kenya ilirithi hatia, ila nyaraka za kuthibitisha hatia hiyo haikuzirithi. Jaji McCombe aliukataa utetezi huo Julai 2011 na kuamua kwamba wazee wana hoja ya kusikilizwa.

Utetezi wa pili ulikuwa wa muda: miaka zaidi ya hamsini imepita, mashahidi wamekufa, kesi ya haki haiwezekani tena. Tarehe 5 Oktoba 2012 Jaji McCombe akaukataa huo pia, na sababu mojawapo ilikuwa nyaraka. Alisema serikali na makamanda wa kijeshi wa wakati ule walionekana kuwa watunzaji makini wa kumbukumbu, na ushahidi wa maandishi uliopo ulitosha kuendeshea kesi. Faili za Hanslope zilikuwa sehemu ya ushahidi huo. Kilichofichwa kwa miaka yote hiyo ili serikali isiaibike ndicho kilichowafungulia wazee mlango.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni akatangaza makubaliano: pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa wadai 5,228, pamoja na masikitiko ya serikali yake na mchango wa kujenga mnara wa kumbukumbu Nairobi. Mnara huo ulizinduliwa Uhuru Park Septemba 2015. Ukigawanya pesa hizo, kila mtu alipata kiasi ambacho hakifidii kuhasiwa wala kubakwa kwa chupa. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza dola ile ilikiri hadharani kwamba Wakenya waliteswa na utawala wake.

Wengine hawakufika hapo. Kundi la pili, wadai zaidi ya 40,000, walifungua kesi yao baadaye, na mwaka 2018 Jaji Stewart akaamua kwamba muda umepita mno. Ninaposoma hukumu hizi mbili pamoja, siwezi kuacha kuhesabu. Kama faili za 1963 zingeorodheshwa na kufunguliwa kwa utaratibu wa miaka 30, zingeanza kusomwa miaka ya 1980 na zote zingekuwa mezani kufikia 1994. Wazee wale walikuwa na miaka hamsini na sitini wakati huo. Mashahidi walikuwa hai, maofisa waliotoa amri walikuwa hai. Kila mwaka ambao mtu Hanslope alisema "hayo si yetu" ulikuwa unamla mtu Nyeri au Murang'a.

Haki inanidai niseme pia upande wetu. Chama cha Mau Mau kiliendelea kupigwa marufuku na sheria ya Kenya huru hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Kwa miongo hiyo yote mzee aliyetaka kuandikisha kumbukumbu zake alikuwa akijitaja kuwa mwanachama wa kundi haramu. Kenya ilikuwa na Hifadhi yake ya Nyaraka ya Taifa tangu 1965, na watumishi wake waliofuatilia faili zilizochukuliwa walifanya kazi ya kupongezwa. Lakini hifadhi haiwezi kukusanya yale ambayo serikali yake haitaki yasemwe. Mazoea ya kufunika kombe hayakuondoka na Baring.

Yale ninayoyaona ofisini kwetu

Kenya ina sheria ya haki ya kupata taarifa tangu 2016. Tanzania ilipitisha yake mwaka huohuo, na ya menejimenti ya kumbukumbu na nyaraka tangu 2002. Sheria hizo zinazungumza kuhusu wajibu wa taasisi. Taasisi haifungui kabati. Anayefungua ni mtu, na mtu huyo ana mkuu wake, ana cheo anachokitazamia, ana hofu yake.

Tazama makabidhiano ya ofisi. Mtu anahamishwa Ijumaa, mrithi wake anaripoti Jumatatu. Hati ya makabidhiano inataja gari, kompyuta, viti na funguo. Kuhusu faili, maelezo hutolewa kwa mdomo huku watu wamesimama: "Hizi ni za kawaida. Hizo za kona hiyo ni mambo ya zamani, usijisumbue." Hilo ndilo neno lilelile lililotembea kutoka mtu hadi mtu Hayes na Hanslope kwa zaidi ya miaka arobaini. Mrithi analikubali kwa heshima, kwa kuwa kumuuliza aliyekutangulia kunaonekana kama kumtuhumu.

Tazama pia lugha ya "faili halionekani" katika ofisi za ardhi na mahakama zetu. Mwananchi anaelezwa hivyo kana kwamba faili lina miguu. Mara nyingi lipo mezani kwa mtu, au kwenye droo yake, kwa sababu amejenga mazoea kwamba faili analolishughulikia ni lake. Faili likiwa mali ya mtu, huonekana anapotaka lionekane. Kuleta mfumo wa kidijitali bila kugusa imani hiyo huhamisha droo kwenda kwenye kompyuta: nyaraka za ofisi zinaishi katika simu na barua pepe binafsi za ofisa, na siku anayostaafu zinastaafu naye. Nimeona idara zikinunua mashine za gharama kubwa za kuskani, kisha zikaskani yale yasiyo na utata, na yale magumu yakaachwa kwenye masanduku "kwa awamu ya pili".

Kinachosaidia, kwa maoni yangu, ni vitu vidogo vinavyomlinda mtumishi wa chini anapouliza. Orodha ya kila kilichomo ghalani, pamoja na vile ambavyo hadhi yake haijulikani, vikiandikwa hivyohivyo: haijulikani. Makabidhiano ya faili yanayosainiwa na wote wawili baada ya kufungua masanduku, si baada ya kuyahesabu kwa nje. Na sharti kwamba anayejibu ombi la taarifa kwa neno "hatuna" aandike alitafuta wapi na ni wapi hakutafuta. Sharti hilo la mwisho peke yake lingeifichua Hanslope mwaka 2006, kwa sababu mtu fulani angelazimika kuandika jina la ghala ambalo hakulifungua.

Kazi iliyobaki

Faili za Kenya ziko Kew sasa, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, chini ya namba FCO 141. Profesa Tony Badger wa Cambridge alisimamia uhamisho wake, fungu la kwanza likafunguliwa Aprili 2012 na la mwisho Novemba 2013. Hazikurudi Nairobi. Mimi naamini ni mali ya Kenya. Ziliandikwa Kenya, kuhusu Wakenya, kwa kodi ya Wakenya, na hoja kwamba hazikuwa za idara za Uingereza ndiyo iliyotumiwa kuzizuia zisisomwe. Sasa itumike kuzirudisha.

Wakati hilo likisubiri wanadiplomasia, ipo kazi isiyosubiri mtu. Hifadhi ya Nairobi, kwenye Barabara ya Moi, ina mafaili ya wilaya na majimbo ya wakati wa ukoloni yaliyoachwa kama urithi. Kila barua ndani yake ina kumbukumbu namba ya faili ilikotoka na mara nyingi ya faili inakojibiwa. Karatasi za Nyeri zinataja faili za Nairobi; za Nairobi zinataja za Embu na za kambi ya kizuizini ya Manda. Katalogi ya FCO 141 inasomeka na mtu yeyote kwenye intaneti. Namba zinazotajwa Nairobi zikikusanywa wilaya kwa wilaya na kulinganishwa na katalogi hiyo, zitagawanyika zenyewe: zilizopo hapa, zilizoko Kew, na zisizo hapa wala kule. Hizo za mwisho ndizo orodha ya yaliyochomwa au kuzamishwa, orodha ambayo waliochoma walijitahidi isiwepo. Wanafunzi wa shahada za kumbukumbu na nyaraka katika vyuo vyetu wanaweza kuianza na wilaya moja, na ningependekeza Nyeri.